Majivu Chini ya Kuku wa Nkambo

Juma lililopita nilikuwa kwa dada yangu, mjini Kasaji. Kulipokucha nikatoka na kikombe cha chai, nikamwona kuku wake mmoja amesimama peke yake ukutani, mabawa yamelegea, macho nusu wazi. Kabla sijasalimia mtu nikasema, "Huyu mtenge na wenzake sasa hivi, na usimpe mtu kuku yeyote." Dada akacheka mpaka chai ikamwagika, eti nimekuwa daktari wa kuku! Mimi sikucheka, rafiki yangu.

Nimelelewa na nyanya, nkambo kama tunavyosema kwetu Kolwezi. Ua wetu wa udongo mwekundu ulinukia makala na sombe, mboga ya majani ya muhogo, tangu asubuhi, na tulimtania kwamba anapenda kuku wake kuliko wajukuu. Mtaa mzima ulimletea kuku awatazame. Aliweka sikio kifuani asikilize pumzi, akaangalia kama upanga wa kichwani umepoteza wekundu. Lakini tegemeo lake lilikuwa majivu. Kila jioni alichukua majivu ya mbabula, jiko letu la makala, akayatandaza chini ya fito walizolalia kuku, laini kama unga wa bukari, ugali wetu. Asubuhi kinyesi kilionekana wazi juu yake. Cha kijani na majimaji, alisema, ni cha ugonjwa unaomaliza kibanda kizima, na kuku wa namna hiyo hachinjwi kesho, anachinjwa leo. Kazi ya kufagia na kuleta habari ilikuwa yangu. "Majivu inasema nini?" aliuliza huku anapepea moto. "Iko muzuri, nkambo," nilijibu.

Nami nilikuwa na kuku wangu, mwekundu, mwenye maringo. Nilimwita Madamu kwa sababu alitembea kama mwalimu wetu akipita katikati ya madawati. Alikula bukari mkononi mwangu na kusinzia mapajani. Asubuhi moja, chini ya mahali pake, nikaona kijani. Nilijua, wala sikuwa na shaka. Nilijua pia kisu kiko wapi. Nikachota majivu mengine, nikafunika, nikasema iko muzuri. Kesho yake nikafanya hivyo tena.

Siku hiyo ya pili binti wa jirani yetu alijifungua. Jirani alikuwa mama mwenye asili ya mkoa wa Kasai, rafiki wa nkambo wa kuteka maji pamoja na kusukana nywele. Kwetu mzazi hupelekewa kuku hai. Nkambo akachagua tetea mnono kuliko wote, akamfunga miguu kwa kitambaa, akaondoka naye akiimba. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikampisha apite.

Madamu akafa kwanza, shingo imepinda. Wakafuata wetu wote, kisha wote wa jirani, hata waliokuwa wanataga mayai ya kumlisha mzazi. Jirani akaja, akasimama nje, akakataa kuingia. "Mutu mwingine ningesema hakujua," alimwambia nkambo. "Weye unajua kuku kuliko batu bote. Uliona, na bado uliniletea." Nkambo akaapa kwa Mungu. Aka! Nani angemwamini? Ujuzi wake wenyewe ndio uliomfunga. Jioni aliniuliza, mara moja tu, "Mutoto, ile majivu ilikuwa muzuri kweli?" Nikasema ndiyo. Akaniamini, na hilo linaniuma kuliko yote.

Yeye na jirani hawakusalimiana tena. Nkambo hakufuga tena, na alipofariki jirani hakuja kwenye kilio. Leo mtaa ule umechimbwa wote na vijana wanaotafuta kobalti. Nyumba yetu, kibanda cha kuku, kijia walichokuwa wakipita kutembeleana, vyote vimekuwa mashimo. Hakuna hata pa kusimama nikasema, hapa ndipo nilipodanganya.

Nilipotoka Kasaji nilimtafuta yule jirani. Ni mzee sasa, anaishi kwa mwanawe. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Alikunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. Nilitamani anitukane.

"Miaka yote ile nilipita mbele ya mulango ya nkambo yako bila kugeuza kichwa," alisema. Kisha akaniangalia, akaniuliza kama mtu anayetaka jibu kweli:

"Sasa mi nitaomba nani musamaha?"