Msoma Ramani wa Baba

Katikati ya msimu tuliitana nyumbani kwa baba, hapa Bariadi, kufanya tathmini. Neno hilo nililileta mimi. Nilikuwa meneja wa timu na nilitaka angalau siku moja tuongee kama watu wenye akili timamu. Timu yenyewe ya mbio za magari ilikuwa gari moja jekundu na watu wanne: baba dereva, mume wangu msoma ramani, fundi, na mimi. Nusu ya msimu ilishapita na hatukuwa tumemaliza mbio hata moja ndani ya muda. Mara ya mwisho tulifika mwisho wa njia tukawakuta waandaaji wanakunja utepe.

Baba alikuwa na ombi moja tu mwaka huo. Alitaka amalize mbio moja, halafu alifunike gari kwa turubai na arudi kwenye shamba lake la pamba. Aliendesha tangu mimi sijaanza shule, na sikutaka aondoke akichekwa. Hilo lilikuwa linaninyima usingizi.

Fundi alilaumu giaboksi. Kwenye mbio zile alikuwa ameifunga simu yake chini ya kiti irekodi inavyolia, akaiweka mezani, nasi tukainama kusikiliza. Giaboksi ililia kama kawaida yake. Juu ya mlio huo ilisikika sauti ya mume wangu, taratibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa kwenye mji wa watu: "Baba, samahani. Hapo mbele kidogo, kama utaona inafaa, kuna kona ya kulia. Ni kali kiasi, baba."

Kazi ya msoma ramani ni kutamka kona kabla dereva hajaifikia, kwa neno moja au mawili, basi. Mume wangu alikuwa anatoa hotuba. Fundi alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilipandwa na hasira, ingawa nilijua chanzo chake: kwetu mkwe hamwamrishi baba mkwe, hata kupishana naye mlangoni anajikunja. Ndugu walishangaa tangu mwanzo baba alipomchagua yeye na kuwaacha wasoma ramani wazoefu. Nikaona sasa heshima inatumaliza.

"Huwezi kusema 'kulia' tu?" nilimuuliza mbele ya baba.

"Kwa baba?" Aliangalia chini. "Mwendo ule unatosha."

"Unatosha kufika wapi?"

Baba alikuwa ameuelekeza uso kwenye simu muda wote, kana kwamba mkwewe yumo ndani yake.

"Basi mbio zijazo nakaa mimi," nikasema. Mimi ni damu yake, sina cha kumwonea aibu. Mume wangu aligeuka akamtazama baba. Baba alikubali haraka kuliko nilivyotegemea.

Asubuhi iliyofuata tulienda kufanya mazoezi upande wa Nkololo, kwenye njia inayopita katikati ya mashamba ya pamba. Pamba ilishavunwa, yamebaki mabua. Niliweka karatasi za kona mapajani, nikavuta pumzi, nikaanza kusoma kwa sauti ile ile ninayofukuzia mbuzi. Kulia kali. Kushoto wazi. Kulia tena. Nilitamka neno, baba akageuza; nikatamka lingine, akageuza. Gari liliruka kama ndama aliyefunguliwa. Sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika zile. Nilijua kabisa kwamba tunamaliza mbio, na nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Kisha tukaingia kwenye kipande kilichonyooka. Jua lilikuwa limewaka, hakukuwa na vumbi mbele yetu, barabara ilionekana mpaka kwenye vilima. Kidole changu kiliruka mstari.

"Kushoto kali," nikasema.

Baba akakata kushoto. Hakusita hata kidogo. Tuliiacha barabara nzima iliyonyooka, tukaingia shambani mabua yakipiga bampa, mpaka gari likakwama kwenye tuta na kuzimika.

"Baba," nilisema nilipopata pumzi, "barabara ilikuwa imenyooka."

"Umesema kushoto, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani na uso ameuelekeza mbele, kwenye mabua, ametulia, anasubiri nimpe neno lingine.

Niliumia kuliko kama tungepinduka. Macho yake yalikuwa yamekwenda, sijui tangu lini, na mume wangu alijua. Zile samahani zake zote zilikuwa breki. Alikuwa anarefusha maneno ili baba apunguze mwendo, na kwa kuwa ni mkwe, hakuna aliyeshtuka. Nilimwambia baba nataka kujaribu gari, tukabadilishana viti. Hakubisha.

Nyumbani mume wangu na fundi walikuwa wanatusubiri. Mume wangu aliyaona mabua kwenye bampa, akaniona nikishuka upande wa dereva. Alichuchumaa akaanza kuyachomoa moja moja.

"Vipi," fundi akasema, "tathmini inasemaje?"

Baba alikuwa amesimama ameshika mlango wa gari, sikio amelielekeza upande wangu. Nilikuwa na neno moja fupi la kweli, kama yale ya kutamka kona, lakini halikutoka.

"Baba, samahani," nikasema. "Kama utaona inafaa, hili gari limechoka. Giaboksi haitafika mwisho wa msimu."

Fundi alitaka kusema kwamba giaboksi inatengenezeka. Mume wangu alimtazama, fundi akaliacha neno lake hapo hapo.

"Ndiyo," baba akasema. "Tatizo ni gari."

Akaniomba nimshike mkono mpaka mlangoni, na fundi akaenda kutafuta turubai.