Mtoto wa Kitabu cha Sita

Jirani yangu Mama Kang'ethe alinivuta kando pale kwenye kamba za nguo akaniambia nisimpeleke mtoto tena kwa Dianah Mwongeli. Eti Dianah na wanawake fulani wanapanga kumwekea mzungu sumu kwenye uji. Amewasikia mwenyewe, mabati hayafichi siri, na tayari walikuwa wanabishana ni nani atapika.

Nilificha kicheko kwa shali ya mwanangu Maina. Mzungu huyo alikufa zamani, katika kitabu cha tatu.

Dianah ni msusi hapa Kiganjo. Kibanda chake kina viti viwili na sheria moja: anayesukwa ndiye anasoma kwa sauti. Mikono yake yeye iko kwa nywele, atashikaje kitabu? Vitabu ni sita, vya Nyaguthii, mkunga wa enzi za ukoloni anayezunguka mashamba ya kahawa ya Ruiru akizalisha, na kila anapoitwa anakuta kuna mtu ameuawa. Yeye ndiye hutafuta muuaji, maana polisi wa siku hizo wakishapata wa kusingiziwa walikuwa wamemaliza kazi.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini siku ya kwanza kusomea pale sikutaka nywele ziishe. Na siku mteja mwenzangu Wangechi, akisoma, alipofika kwa jina la muuaji wa kitabu cha nne, mikono ya Dianah ilisahau ilikokuwa ikienda. Upande mmoja mistari ikarudi nyuma, mwingine ikaja usoni. Wangechi alienda kanisani hivyo hivyo, na wasichana wakaja kuuliza hiyo staili inaitwaje.

Maoni hayaishi. Wangechi anataka Nyaguthii aolewe na yule karani wa kiwanda cha kahawa. Rachael, mama wa kanisa, anampenda sana Nyaguthii ila hapendi anavyodanganya. Kila mlango na uongo wake, na anajiita Mkristo.

"Sasa mami, amwambie muuaji ukweli?" Dianah alimwuliza. "Si tungemzika ukurasa wa pili."

Juzi Wangechi aliingia mbio, simu mkononi. Mwandishi ametangaza kwamba kitabu cha saba ndicho cha mwisho, na anafikiria kumwua Nyaguthii. Jumamosi atakutana na wasomaji kwa ukumbi wa kanisa moja huko Ruiru, awasikie kabla hajamaliza kuandika.

Dianah aliacha kichana kimesimama kichwani mwa Rachael. Alituambia kwamba mume wake alipoenda zake, ni huyo mkunga alimfanya atake kuamka asubuhi. Hawezi kumwacha afe hivi hivi. Akaanza kufanya mazoezi ya hotuba pale pale: tunampenda, tafadhali asife. Rachael akamwambia polepole kwamba hata mwandishi anampenda, na bado anamwua. Dianah akakaa chini.

Mimi nilikuwa mlangoni nikinyonyesha, kitabu cha sita kwa paja.

"Na mtoto?" nikauliza.

Mtoto gani? Nikawaambia ni yule wa mama aliyefungwa kwa kumwua nyapara. Nyaguthii alimbeba mgongoni wakitoka kituo cha polisi, na tangu hapo sijaona mahali amemshusha.

Wangechi alininyang'anya kitabu akasoma kurasa za mwisho kwa sauti, haraka haraka. Nyaguthii anavuka mto. Nyaguthii anawasha moto, anakunywa uji. Hajamwachia nyanya yake huyo mtoto, hajampeleka misheni.

"Ngai, Mungu wangu," Rachael akasema. "Bado ako mgongoni."

Hapo kibanda kililipuka. Kila mtu aliongea: mwandishi amesahau, hapana, ameficha makusudi, na mkunga akifa huyo mtoto atalelewa na nani? Dianah alikuwa anacheka na kujipangusa macho kwa mkono wenye mafuta ya nywele. Halafu akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama Maina, hotuba yangu ni ya kutupa. Jumamosi twende wote Ruiru. Mbebe Maina mgongoni, usimame, umwulize huyo mwandishi vile tu umetuuliza sisi."