Kigae cha Mraba wa Saba

Mimi nina wivu, wala haukunianza ukubwani. Lakini ule wa mtaani kwetu Nyakabanda ndio ulionivua nguo.

Nyuma ya shule ya mtaa walitaka kujenga tangi la maji. Vibarua wakakuta vigae vya vyungu na mavi ya chuma, mabaki ya tanuri la wahunzi wa kale. Mtaalamu wa mambo ya kale akapewa Jumamosi nne kabla ya saruji kumwagwa, akatualika sisi wakazi tuchimbe naye. Kila mtu na mraba wake wa mita moja, sururu marufuku, ni mwiko wa kujengea na brashi tu. Kila kitu kinatiwa kwenye mfuko wake, na juu yake namba ya mraba kilikotoka.

"Kigae kisichojulikana kilikotoka ni takataka," alitukumbusha kila asubuhi.

Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, kalamu nikapewa mimi.

Mraba wangu ulikuwa wa nne. Jumamosi mbili ukanipa mizizi na vifuniko vya fanta. Wa saba ulikuwa wa jirani yangu, fundi cherehani aliyekulia Bujumbura, mtu wa kucheka hovyo. Kwake vigae vilitoka kama viazi.

"Mtaka cha mvunguni ainame, dada!" alinitania.

Nilicheka. Moyoni niliomba mvua inyeshe kwenye mraba wake peke yake.

Jumamosi ya tatu akaniletea kigae kiganjani. "Dada, hii iko na michoro. Andika."

Mistari ilizunguka ukingo wake, imekwaruzwa na mkono uliotulia. Mtaalamu alikuwa upande wa pili anapiga picha. Jirani yangu hakujua ameshika nini. Mimi nilijua ni ukingo wa chungu cha wahunzi wenyewe, maana nilisoma kila karatasi tuliyogawiwa. Yeye wa kucheka amepata, mimi niliyesoma nimekosa! Kijicho kikanipanda, nikaandika: mraba wa nne.

Mtaalamu alipofungua mifuko alifurahi mno. Akaufunga mraba wa saba, akaamuru Jumamosi ya mwisho wote tuchimbe wangu. Tulichimba hadi shimo likatufika kiunoni, tusipate kitu. Jumatatu saruji ikamwagwa, na sehemu iliyobaki ya chungu kile, kama ilikuwepo, iko chini ya tangi mpaka leo.

Kigae kiliwekwa shuleni ndani ya kabati la kioo, na kadi yenye jina langu. Siku ya ufunguzi jirani yangu alikitazama sana, akasoma kadi, akanigeukia. Nikaanza kusema mtaalamu amechanganya.

"Acha, dada," alisema taratibu. "Kama ungeniambia unakitaka hivyo, mbona ningekupa tu."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaenda kuwaita majirani waje wanipongeze, nami nikamwonea wivu kuliko siku ile aliyokiokota.