Mtoto Aliyekataa Kuitika

Andika kama ninavyosema, wala usinirembeshee. Mimi sikusoma. Darasa nimelijua kwa kulitazama kutoka nje, nikiwa nimesimama, na nitakueleza juma moja tu la darasa la kwanza la mama yako, hapa Kalemie, siku zile nchi ilipoitwa Zaire. Majuma ya shule nimeyaona mengi baada ya hapo, ya mama yako, ya wajomba zako na yako wewe. Hilo moja ndilo lililoninyima kukaa chini.

Kwanza uelewe habari ya jina. Mama yako alipozaliwa, babu yako alimpa jina la marehemu mama yake mzazi. Kwa hiyo alibeba jina la mama mkwe wangu, na kwetu mke hatamki jina la mama mkwe, awe hai au awe kaburini, hata kama jina hilo analo mtoto anayemnyonyesha mwenyewe. Mimi nilimwita binti yangu Mama. Babu yako naye alimwita Mama, kwa kuwa alisema mama yake amemrudia. Majirani walitumia jina la ubatizo. Jina lenyewe lilisikika nyumbani pale tu babu yako alipomwaga unga kidogo kizingitini na kumwita marehemu, ambaye watoto walimtaja kama Nkambo, bibi yao. Hapo sote tulichuchumaa, tukapiga makofi taratibu, tukanyamaza. Alikuwa amewafundisha kwa ukali kwamba marehemu akiitwa, hakuna aliye hai anayeitika, asije akaugua.

Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa shuleni. Babu yako alimwandikisha kwa jina la Nkambo, kisha akapanda gari la moshi kurudi kazini, kwa maana alikuwa mtu wa reli na kazi yake ilimpeleka Nyunzu na mbele zaidi, na siku ya kurudi hakuijua hata yeye. Alipokuwa akifunga mzigo wake aliniambia: "Tumujaribu. Kama shule inamukatala, abakie hapa, akusaidie kubeba mudogo wake."

Mimi mwenyewe nilibeba wadogo zangu mgongoni wakati wenzangu wakienda kwa Mapadri kusoma, na najua mtoto aliyeanza kubeba haachiliwi tena. Nilichokitaka ni kimoja: huyu wa kwangu abaki kwenye benchi.

Jumatatu alirudi na vumbi magotini. Nikamuuliza kosa lake.

"Sikufanya kitu."

"Mtu hapigishwi magoti kwa kutofanya kitu."

"Njo hivyo, Mama. Sikufanya kitu, njo maana wamenipigisha magoti."

Aliyenieleza ni binti wa jirani, aliyeketi naye benchi moja. Alisimama nyuma ya ua wetu akila muwa, akasema bila haraka: "Asubuhi tunaimbia bendera, tunachezea chama ngoma, kisha mwalimu anaita majina. Sisi tunasema niko. Yeye anachuchumaa chini, anapiga makofi. Kila siku. Mwalimu anasema anamuchekelea."

"Nanyi mnafanya nini?"

"Sisi tunacheka."

Jioni ile nilimsimamisha binti yangu mbele yangu, nikamwambia kwamba jina linaloitwa na mwalimu ni lake, na kwamba kesho aitike.

"Lile ni la Nkambo," akasema.

"Ni lako pia."

"Basi niite nalo."

Niliinuka, nikaenda kuifunika mihogo ambayo tayari ilikuwa imefunikwa.

Jumanne nilimfunga mdogo mgongoni nikaenda. Darasa lilikuwa la matofali, na madirisha yake hayakuwa na vioo wala mbao, hivyo mtu aliyesimama nje aliona yote. Siku hiyo walikuwa wakihesabu. Kila mtoto alikuwa na fungu la vijiti alivyovikata nyumbani na kuvifunga kwa kamba ya gome. Mwalimu alisema "ongezeni," vijiti vikalia juu ya mabenchi yote. Alisema "punguzeni," vikalia tena, na kelele yake ilikuwa kama mvua inayoanza juu ya bati. Binti yangu alihesabu vizuri. Mdomo wake ulifika kwenye jibu kabla ya wengine, na hilo liliniongezea hasira, kwa kuwa nilikuwa nikiona kitu ambacho kingeweza kuchukuliwa.

Watoto walipotoka kucheza nilimwendea mwalimu. Alikuwa kijana kutoka milima ya Kivu. Wakati ule tulipaswa kuitana Sitwayen, yaani mwananchi, lakini yeye ulimi wake ulirudi kwenye Mama kila mara.

"Sitwayen mwalimu, nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu."

"Yupi, Mama? Niko nao wengi. Jina lake?"

"Wa benchi la dirishani."

"Pale wamebanana wanne. Jina lake?"

"Aliyesukwa nywele."

"Wote wamesukwa. Unisemee jina, Mama."

"Silitamki."

"Umelisahau?"

"Sikulisahau. Silitamki."

"Ah. Sasa ninajua ni yupi. Mtoto hataki kuitika, mama hataki kuita. Nyumbani munaitana kwa mluzi?"

Watoto waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimweleza jambo lote tangu mwanzo, naye alilisikiliza lote; hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kwingine.

"Mimi ninaelewa," alisema. "Direkta, mkubwa wa shule, hataelewa. Jumamosi, kabla ya kulima salongo, anapita mwenyewe, anaita darasa langu lote. Asiyeitika, hayuko. Nafasi yake inapewa mwingine. Unaona wale wazazi kwenye mlango wa biro yake? Wanangojea njo hiyo."

Niliwaona. Nilikuwa nimepita katikati yao bila kuwatazama, na wakati wa kurudi nilimtazama kila mmoja.

Jumatano ilikuwa siku ya kuandika. Kila mtoto alikuwa na kibao cheusi cha mkononi na kipande cha chaki. Mwalimu aliwapitia mmoja mmoja, akiwaandikia kitu juu ya kibao, nao wakikiandika tena chini yake, ndimi nje, pua karibu na mkono. Nilikuwa dirishani tena. Mwalimu alichukua kibao cha binti yangu, akafuta maandishi yake mwenyewe ya juu, akakiinua mbele yangu kwa furaha.

"Angalia, Mama. Mwanzo mpaka mwisho, ameandika peke yake. Hakuna aliyemushinda."

"Ni nini?"

"Njo lile jina usilolitamka."

Nilirudi nyuma. Mguu ulifanya hivyo bila kuniuliza. Binti yangu alikuwa amegeuka kwenye benchi. Alisikia, akaniona nikirudi nyuma. Tangu saa hiyo hakukubali kibao kile kifutwe.

Unajua kwamba mwanafunzi asiyefuta kibao hana mahali pa kuandika. Alhamisi mwalimu alipotoa hesabu, wengine walitema mate, wakafuta kwa viwiko. Yeye alikikumbatia kifuani.

"Futa, mutoto."

"Siwezi kumufuta Nkambo."

"Nkambo yuko wapi?"

"Yuko hapa," akasema, akionyesha kibao.

"Kumbe amekuja kusoma," binti wa jirani akasema, "na pesa yake ya minerval nani atalipa?" Darasa zima likaanguka kwa kicheko, hata mwalimu akageukia ukuta. Hesabu za siku ile binti yangu alizifanya kwa kidole, katika vumbi la sakafuni, na hakuna aliyeziona isipokuwa mimi.

Mchana ule walifinyanga udongo walioletewa kutoka ukingo wa mto Lukuga. Wenzake walitengeneza samaki, mitumbwi, sufuria. Yeye alitengeneza chungu kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulishika kibao, na chungu kikaegemea upande kama mtu mwenye usingizi. Nilikwenda nyumbani, nikarudi, nikaenda tena. Sombe iliungua jikoni. Mdogo alilia kwa joto mgongoni. Mama mmoja wa njiani aliniuliza kama nimepewa kazi shuleni, nami nikamwambia aangalie njia yake.

Nawe usidhani nilimwona mtoto yule kuwa mjinga. Alichofanya ndicho tulichomfundisha. Na usidhani nilikuwa na hakika. Nilijiuliza kama akiitika atapatwa na homa, na ikiwa atapatwa nayo, nitamwambia nini babu yako atakaposhuka kwenye gari la moshi. Mawazo mawili yalikuwa yakinivuta, moja kwenda shuleni na moja kurudi nyumbani, na miguu yangu ikatii yote mawili.

Ijumaa ilikuwa siku ya nyimbo na hadithi, kazi isiyohitaji kibao. Hata hivyo mwalimu alinifuata hadi nje. "Mama, kesho Direkta ataangalia vibao pia. Kiwe safi. Na aitike. Mimi sina nguvu zaidi ya hapo."

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado juu. Nilimlaza mdogo, nikanawa mikono, nikasema: "Leta kibao."

Alikileta, lakini hakukiachia. Nilikivuta, nikakiweka kizingitini, mahali pale ambapo babu yako alimwaga unga. Nikachuchumaa, nikapiga makofi kama inavyopasa. "Mama mkwe," nikasema, "ni mimi, mke wa mwanao. Mtoto anatafuta nafasi." Kisha nikalowesha ncha ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, nikafuta. Nilifuta kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kuacha doa. Binti yangu alikuwa amejifunika macho.

Tukangoja. Jirani alikuwa akitwanga. Mchi ulikwenda, ukarudi.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Na mudogo?"

"Analala. Msikie anavyokoroma."

Akafungua vidole, akatazama kibao cheusi, kitupu. "Nkambo amekwenda."

"Andika tena."

"Amekwenda, Mama."

"Nimesema andika."

Alichukua chaki. Mimi herufi sizijui, lakini umbo la maandishi yale nilikuwa nimelitazama siku nzima, na niliona likirudi kidogo kidogo kutoka mkononi mwake, na lile moja lenye mkia, na lile la duara, hadi likakamilika kama lilivyokuwa.

"Nani ameliandika?"

"Mimi."

"Si Nkambo?"

"Nkambo hakusoma."

"Vema. Nkambo alikuwa nalo mdomoni mwa watu. Hili la mkononi ni lako, unalifuta na unalirudisha. Kesho yule bwana atasoma lililoandikwa. Anayeitwa ni wewe."

Alilifuta mwenyewe, haraka, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ina moto. Akaliandika. Akalifuta. Akaendelea hivyo hadi chaki ikaisha, nami sikumzuia, ingawa chaki haikuwa kitu cha kuchezea.

Jumamosi nilikwenda na jembe, kwa kuwa mzazi aliyetaka aliruhusiwa kusaidia salongo, nami sikutaka kuulizwa tena ninafanya nini pale. Watoto walikuwa wamepangwa uwanjani, vijembe na mapanga miguuni, vibao mikononi. Cha binti yangu kilikuwa safi. Direkta alivaa abakosti iliyonyooshwa, koti la wakubwa wa siku zile, hata kwa siku ya kulima. Alipita mbele ya mstari akiita, na watoto wakajibu "niko, niko" kwa sauti kali, kila mmoja akitaka kumshinda aliyetangulia.

Akalifikia jina lile. Nililisikia likitamkwa na mgeni, kwa sauti kubwa, mbele ya majembe. Viganja vyangu vilitaka kukutana; nikaubana mpini.

Binti wa jirani alikuwa tayari ameziba mdomo. Mama yako akachuchumaa, akapiga makofi. Nilijua imekwisha. Direkta alikuwa ameinua kalamu. Ndipo mama yako akasimama, akajipangusa gauni, akasema:

"Niko."

"Na makofi ni ya nini?" Direkta akauliza.

"Anasalimia, Sitwayen Direkta," mwalimu akasema upesi.

"Anamusalimia nani?"

"Njo adabu ya kwao."

Direkta alimtazama mtoto, akatazama kibao, akaweka alama yake, akaita jina lililofuata. La mvulana mmoja mwenye kikohozi, aliyejibu mara mbili. Direkta akasonga mbele.

Mimi sikuondoka nilipokuwa. Nilimtazama binti yangu kama ataanguka, kama atatetemeka, kama jasho litamtoka. Alikuwa akijikuna mguu. Kisha akamsukuma binti wa jirani kwa bega, naye akasukumwa, wakacheka.

Mwalimu akanijia. "Mama, ameitika."

"Nimesikia."

"Basi unangojea nini tena?"

"Niache niangalie kidogo."

"Angalia ukilima," akasema. "Umesimama juu ya majani tunayopaswa kuyakata."

Nikainama, nikalima. Nililima vibaya, mistari ikipinda, kwa sababu kila baada ya pigo moja niliinua kichwa kumtafuta katikati ya watoto, na kila nilipompata nilihesabu kwamba bado yumo.