Akishaua Joka, Atalala Wapi?

Leo binti wa kaka yangu amenifunga mdomo hadharani, na mnanijua.

Tulikuwa kwa muuza vitabu vya mitumba, hapa Kisumu mjini. Nilikuwa namtafutia Akinyi riwaya ya majoka na uchawi yenye shujaa wa kike aliyeandikwa vizuri, si pambo la mwana wa mfalme. Nikapaza sauti kidogo. (Sawa, sana.)

"Madam, umekuja kununua ama kuhubiri?" muuzaji akaniuliza huku akicheka.

Nikapata kitabu cha msichana anayeua joka, anaokoa nchi, kisha anarudi kwao kwa shangwe.

Akinyi akasoma ukurasa wa mwisho, akanirudishia kitabu.

"Shangazi, sasa huyu atalala wapi?"

"Si kwao!"

"Kwao wapi? Kaka zangu wote wamejenga simba, kila mvulana na nyumba yake ya kulala hapo bomani. Mimi nalala kwa nyanya. Na nyanya akifa?"

Muuzaji akaacha kucheka.

Miaka yote hii nabishana kuhusu mashujaa wa kike, na swali hilo sijawahi kuliuliza.

Basi nitajieni riwaya. Msiniletee malkia, kasri ni la mumewe. Nataka msichana anayerudi, na babake anamwonyesha mahali pa kujenga.