Kifafa cha Paka Wetu

Mara ya kwanza paka wetu kuanguka ilikuwa asubuhi. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Papa, baba yangu, alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, kwetu mtaani Kabondo, na paka alizoea kulala chini yake juu ya vipande vya kitambaa. Nikasikia kitu kikigonga sakafu. Miguu ya paka ilikuwa imekakamaa, shingo imepinda, mate yanatoka kama povu la sabuni.

“Papa, paka iko nakufa!”

Hakufa. Alitulia, akainuka, akajigonga kwenye mguu wa meza. Nilipomshika alinitolea meno kana kwamba hanijui.

Baada ya hapo akawa anaanguka kila siku mbili tatu. Mama alilaumu vichwa vya samaki, akaacha kumpa. Jirani alilaumu dawa ya mbu iliyopulizwa nyumbani, lakini ilipulizwa mtaa mzima na paka wengine walikuwa wazima. Hakuna aliyejua.

Siku moja alianguka mbele ya mteja, mama mmoja aliyeleta kitambaa cha kushonewa. Yule mama aliruka nyuma.

“Ile iko kifafa! Mutoto akigusa ile povu, itamushika naye. Mutupe ku mayi, kule ku mto, papa.”

“Asante, mama,” papa alijibu.

Yule mama aliondoka na kitambaa chake, na hakurudi tena.

Nilidhani papa angenifukuza pale nisiguse povu. Badala yake alipiga magoti, akasogeza mkasi mbali, akaanza kufuta lile povu mdomoni mwa paka kwa kitambaa, taratibu. Mama alitoka jikoni akapiga kelele: “Unafanya nini? Kuko watoto mu nyumba!”

Ndipo papa akatuambia jambo ambalo hata mama hakulijua. Huko Maniema alikozaliwa, alikuwa na dada mdogo mwenye kifafa. Aliangukia motoni akipika. Ua ulijaa watu, na wote waliogopa povu.

“Na mimi nilikuwa pale,” papa alisema. “Nilikuwa mukubwa kupita huyu mutoto. Nilisimama tu.”

Dada yake alikufa siku ya tatu. Papa alipomaliza kusema akarudi kwenye cherehani, na mama hakupiga kelele tena.

Tulimpeleka paka machinjioni, kwa muuguzi wa mifugo aliyekagua ng'ombe. Papa alimbeba katika kikapu, amevaa koti lake la sikukuu. Muuguzi alimfungua paka macho, akampapasa tumbo, akatikisa kichwa.

“Papa, mimi naangalia ngombe na mbuzi. Dawa ya paka sina.”

“Bon, sawa. Lakini anasikia maumivu?”

“Sijui, papa. Nikikujibu, nitakudanganya.”

Tulirudi kwa miguu. Ndani ya kikapu paka alianguka mara mbili.

Mwezi ule alikonda mpaka mifupa ya mgongo ikahesabika. Alisahau bakuli lake lilipo. Kila alipoanza kutetemeka, papa alisimamisha cherehani na kukaa naye sakafuni, na kazi za watu zikachelewa. Mimi nilianza kwenda kucheza mbali ili nisione. Sikumwambia papa, ila nadhani alijua.

Mwishowe ukaja mshtuko wa kifafa ambao haukukatika. Ulianza mchana, mvua ikinyesha, ukaendelea mpaka mvua ikaisha. Papa alimshika kichwa muda wote. Paka alipotulia, papa aliendelea kumfuta povu.

“Papa, imekwisha,” nikamwambia.

“Najua.”

Hakuacha kufuta.

Tulimzika nyuma ya jiko. Nilitumaini kwamba kumhudumia yule mnyama kulimpunguzia papa kitu moyoni, lakini tangu siku ile alikuwa mkimya kuliko zamani. Jirani alipotuletea mtoto wa paka, mweupe, mzuri sana, papa hakumtazama hata kidogo.

“Murudishe,” aliniambia.

Nikamrudisha.