Gunia la Samadi

Sisi shamba letu tulilila. Sisemi kwamba tuliliuza tukala pesa. Tulilikaanga kwa vitunguu na pilipili, na mimi niliomba niongezwe.

Tulikuwa wageni Maskati, tumetoka Unguja juzijuzi. Baba aliyezoea mikarafuu hakutaka kusikia habari ya kazi ya ghalani Matrah. Kaka yake, ambaye hakuwahi kutoka Oman, akampa shamba la mitende Mawaleh kwa misimu miwili: ikizaa, litakuwa lake, isipozaa, atapewa mwengine. Msimu wa kwanza baba aliupoteza kwa kutojua kwamba mtende jike huozeshwa kwa mkono, kwa kutiwa unga wa maua ya dume. Aliusubiri ujiozeshe.

Msimu wa pili bei zikaingia wazimu. Mchele ulipanda, sukari ikafuata, nyama tukaisahau hata harufu. Baba mkubwa alizoea kulinunulia shamba lile magunia manne ya samadi. Mwaka ule aliweza moja tu. Akaja nalo wakati baba hayupo, akapiga kelele nje kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota: "Shemegi! Samadi hapa mlangoni!"

Mama akangoja aondoke, kisha akatoka. Kwetu samadi ni mavi ya ng'ombe. Mavi hakuyaona, aliona gunia la dagaa wakavu, wamejaa mchanga.

"Kaona haya kuniachia mavi mlangoni," alimwambia baba. "Kaondoka nayo, katuachia kitoweo."

"Ndugu yangu ana moyo," baba akajibu, akanawa mikono.

Tulikula kutwa mara mbili. Majirani walipita wamekunja pua, mama akasema wana wivu. Baba naye aliendelea kungojea mavi, na kila nikimuuliza ananambia yako njiani.

Siku gunia lilipobaki konzi chache, baba mkubwa alikuja kula kwetu. Alisifu mchuzi, akauliza dagaa tumewapata wapi.

"Si wako hao, shemegi?" mama akasema kwa nyuma ya pazia.

Baba mkubwa akaacha kutafuna. "Hawa wa mitende!"

"Na samadi iko wapi?" baba akauliza.

"Wallahi, ndiyo hii unayokula!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka zaidi. Baba hakucheka. Alikwenda sokoni kutafuta gunia jengine, akakuta bei imepanda tena, akarudi mikono mitupu. Akamwagia mitende majivu ya jikoni, akaiombea dua. Ilitoa tende ndogo mfano wa mavi ya mbuzi, kokwa tupu, na mtu mwengine akapewa shamba.

Nilimhurumia baba, na ninajionea haya mpaka leo kwa kile kicheko.

Alipata kazi Matrah, kwenye ghala, ya kupima magunia ya dagaa. Jioni aliingia nyumbani ananuka samadi nguo nzima, na mama, aliyekuwa hodari wa kutukemea kwa uchafu, alimtengea chakula bila kumwambia akaoge.